Uzi wa fahari, mbwembwe na madaha: tunavyoyatafsiri maneno ya Kiingereza ya maonyesho na sherehe

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni mrefu, na nawaomba mnaofanya kazi ya tafsiri, utangazaji na ualimu wa lugha mnivumilie, kwa kuwa jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu tarehe 6 Mei 2023, siku ambayo Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alivikwa taji katika kanisa la Westminster Abbey. Siku hiyo nilikuwa nikitafsiri taarifa za Kiingereza kwa ajili ya kituo kimoja cha redio, na katika taarifa ya kwanza kabisa nikakutana na maneno mawili ambayo Waingereza huyatamka pamoja kana kwamba ni pacha: "pomp" na "pageantry". Muda ulikuwa mfinyu, nikaandika kwamba mfalme amevikwa taji "kwa mbwembwe na maonyesho", na sentensi hiyo ikasomwa hewani kama ilivyo. Jioni mzee mmoja jirani yangu aliniuliza kwa upole ni kwa nini tumemkejeli mtu siku ya kutawazwa kwake. Nilijaribu kujitetea kwamba kamusi imeniruhusu, lakini nilipokuwa nikisema hivyo nilijua kwamba mzee amenishinda.

Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya maneno ya Kiingereza ya ukoo huu, yale yanayotumika kila siku magazetini na mitaani, na nimefikia fikra moja ambayo naileta kwenu muipime. Mengi ya maneno hayo yalianza yakiwa majina ya vitu vilivyopita barabarani au vilivyovaliwa mwilini: msafara, gari la kukokotwa, nyoya la kofia ya vita, utepe wa shingoni. Watu wakavitazama, wengine wakavistahi na wengine wakavichukia, na hukumu yao ikabaki ndani ya neno hata baada ya kitu chenyewe kusahauliwa. Kamusi zetu mara nyingi hutupatia kitu bila hukumu, au hukumu bila kitu, na hapo ndipo tunapoteleza.

Nianze na "pomp", kwa sababu ndilo lililoniangusha. Asili yake ni neno la Kigiriki "pompe", lililotokana na kitenzi chenye maana ya kutuma au kusindikiza, na maana yake ya kawaida ilikuwa msafara wa kidini, kama ule wa Athens ambao watu waliandamana kumpelekea mungu wao Athena vazi jipya. Warumi walilichukua neno hilo wakaliita "pompa", na kabla ya mashindano ya magari ya farasi msafara ulipita ukiwa umebeba sanamu za miungu mbele ya umati. Wakristo wa mwanzo waliuona msafara huo kuwa ibada ya sanamu, naye Tertullian wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo tunaiita Tunisia, aliandika karibu na mwaka 200 juu ya "pompa" ya shetani ambayo kila abatizwaye ameikana. Kiapo hicho hakikupotea. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 bado kinamtaka msimamizi wa mtoto, katika ubatizo, aikane "pomp" ya ulimwengu iliyo tupu. Kwa hiyo Mwingereza wa karne nyingi alilisikia neno hili kanisani likiwa kitu cha kukanwa, kisha akatoka nje akaliona barabarani likiwa heshima ya mfalme wake. Pande zote mbili zimo ndani ya neno moja, na msemaji wa leo huchagua upande kwa kiimbo chake tu.

Mfano ninaoupenda zaidi umo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Matendo ya Mitume 25:23, ambapo Agripa na Bernike wanaingia ukumbini kumsikiliza Paulo. Kigiriki cha asili hapo hakisemi "pompe", kinasema "phantasia", yaani kule kujitokeza ili kuonekana. Watafsiri wa 1611 walichagua "pomp", na kwa maoni yangu walichagua vyema sana, kwa sababu fahari ya wageni wale ni ya kweli, na anayesimama mbele yao ni mfungwa mwenye minyororo. Msomaji anapewa utukufu na utupu wake kwa pumzi moja.

Sasa, Kiswahili tunalo neno lenye uzito unaolingana na huo, nalo ni "fahari", tulilolipata kutoka Kiarabu. Tunasema fahari ya taifa kwa kusifu, na tunasema fulani anajifaharisha kwa kulaumu. Mbwembwe ni jambo jingine, kwa kuwa hutoka katika mwili wa mtu mmoja, katika mikono yake, mwendo wake na sauti yake, ilhali "pomp" ni mali ya cheo, ya taasisi na ya desturi. Mfalme mnyonge, mgonjwa na mwenye haya anaweza kuzungukwa na "pomp" tele bila yeye mwenyewe kuwa na mbwembwe hata chembe. Ndiyo maana mzee wangu alisikia kejeli.

Angalieni pia kwamba kivumishi chake, "pompous", kimepoteza heshima yote. Zamani kiliweza kusifu jambo tukufu, lakini leo kumwita mtu hivyo ni kumtukana, na mfasiri anayeandika "mtu mwenye fahari" anamsifu mtu ambaye mwandishi alikuwa akimshutumu. "Mwenye kujikweza" ndiyo tafsiri ninayoitumia.

Lipo pia lile fungu la maneno, "pomp and circumstance", ambalo nimewahi kuliona limetafsiriwa "fahari na mazingira" katika ratiba ya mahafali. Maneno hayo yanatoka kinywani mwa jemadari Othello katika tamthilia ya Shakespeare, anapoyaaga maisha ya vita baada ya moyo wake kuvunjika, na "circumstance" kwa Kiingereza cha wakati ule ilikuwa na maana ya taratibu rasmi zinazolizunguka tukio: ngoma, zumari, bendera, mizinga. Mtunzi wa muziki Mwingereza Edward Elgar aliyachukua maneno hayo kuwa jina la mfululizo wa nyimbo zake za gwaride, ambapo ya kwanza ilipigwa Liverpool mwaka 1901. Mwaka 1905 Chuo Kikuu cha Yale kilipompa Elgar shahada ya heshima, sehemu ya gwaride hilo ilipigwa katika hafla, na tangu hapo vyuo na shule za Marekani vikaifanya kuwa muziki wa mahafali. Wimbo uleule Waingereza huuimba kwa maneno ya kizalendo, kwa hiyo Mmarekani akiusikia humwona binti yake katika joho, na Mwingereza huiona bendera. Tafsiri ya jina hilo, kwa fikra yangu, ingekuwa "Fahari na Taratibu Zake", ingawa niko tayari kusahihishwa.

"Pageant", neno lililozaa "pageantry", nayo ilinishangaza. Katika miji ya Uingereza ya zama za kati, hasa York, vyama vya mafundi viliigiza hadithi za Biblia siku ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, kila chama kikiwa na gari lake la mbao lililosukumwa kutoka kituo hadi kituo mjini. Gari hilo, pamoja na igizo lililochezwa juu yake, ndilo lililoitwa "pageant". Waunda meli wa York walicheza ujenzi wa safina, na waoka mikate walicheza karamu ya mwisho ya Bwana, jambo ambalo linanigusa kila nikilifikiria, kwa sababu fundi alimtukuza Mungu kwa kazi ya mikono aliyoijua. Maigizo hayo yalikoma York baada ya mwaka 1569, wakati mageuzi ya kidini yalipoyaona kuwa mabaki ya Ukatoliki. Neno likabaki bila gari lake, likazurura, na mwaka 1921 mji wa Atlantic City nchini Marekani ulipoanza kushindanisha warembo, likapata kazi mpya. Leo kijana ukimwambia "pageant" anafikiria mashindano ya urembo tu. Ndiyo sababu "maonyesho" yangu ya siku ile yalikuwa hafifu: yalitaja kutazama, yakasahau msafara.

Nakaribisha michango na masahihisho.

Mchangiaji, Mombasa

Kaka, ahsante kwa uzi wenye uzito. Nakubaliana nawe kuhusu "pomp", lakini naona umelionea neno "mbwembwe". Huku kwetu mbwembwe si aibu kwa kila hali. Mchezaji anayepiga chenga tatu pasipo haja, kisha akafunga, husifiwa kwa mbwembwe zake, na mpiga ngoma asiyekuwa nazo huonekana amelala. Lawama huja pale mbwembwe zinapokosa kazi nyuma yake. Naomba usiwafundishe vijana kwamba neno hili ni la kejeli, kwa sababu watalikosa pale wanapolihitaji.

Nina jambo la pili. Umeeleza kwamba maneno ya Kiingereza yalianza kama vitu vya barabarani. Pwani ya Afrika Mashariki tunao ushahidi wa vitu hivyo kuja kwetu na kugeuka maneno ya Kiswahili. Neno "beni" limetokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki. Kuanzia miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu waliunda vyama vya ngoma vilivyoiga gwaride la Kizungu: sare, vyeo vya kijeshi, mistari iliyonyooka, tarumbeta au vifaa vilivyofanana nazo. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Skochi, na upande wa Tanganyika kukawa na Marini na Arinoti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliirudisha beni hadi vijiji vya bara, na wataalamu wanaitaja hata wanapoeleza ngoma ya kalela ya wachimba shaba wa Zambia. Watawala wa Kiingereza waliitazama beni kwa wasiwasi, wasijue kama wanaheshimiwa au wanapimwa nguvu. Mimi naamini vijana wale walielewa vizuri zaidi kuliko kamusi yoyote kwamba gwaride ni lugha ya mamlaka, na wakaamua kuizungumza wenyewe.

Na kabla ya beni, tulikuwa na siwa, baragumu kubwa la heshima. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu na Lamu walikuwa na ya shaba, ambazo zilipulizwa katika harusi na sherehe za watu wa nasaba kubwa, na kuruhusiwa kupigiwa siwa kulikuwa hadhi isiyonunuliwa ovyo. Siwa hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Nikikutana na neno la Kiingereza "fanfare", lile la tarumbeta zinazotangulia mheshimiwa, huona siwa mbele ya macho yangu. Nashangaa kwamba watangazaji wetu hawalitumii kamwe neno hilo la siwa.

Mleta mada

Dada yangu, nimeyapokea masahihisho yote mawili kwa mikono miwili, na la mbwembwe nimelipokea kwa furaha kwa sababu linanisaidia na neno lililokuwa likinisumbua: "panache".

Neno hili Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa, nao walilipata Italia, na maana yake ya asili ni shada la manyoya linalosimama juu ya kofia ya chuma ya mpanda farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1590, katika vita vya Ivry, Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa aliwaambia askari wake kwamba wakipoteza bendera zao walifuate shada lake jeupe, kwani watalikuta kwenye njia ya heshima. Hapa kuna siri ya neno zima. Nyoya jeupe kichwani humfanya shujaa awe shabaha ya adui, na ndiyo maana anayelivaa anastahili kulivaa. Mwaka 1897 Edmond Rostand aliandika tamthilia kuhusu Cyrano de Bergerac na kulifanya "panache" kuwa neno la mwisho la shujaa wake anapokata roho, nalo likaenea Ulaya likiwa na maana ya ushujaa wenye madaha, wa mtu anayefanya jambo la hatari kana kwamba anacheza.

Wapenzi wa mpira watanielewa upesi. Katika fainali ya Ulaya ya mwaka 1976 mjini Belgrade, Antonín Panenka wa Czechoslovakia alikuwa na penalti ya kuamua ubingwa dhidi ya Ujerumani Magharibi. Akakimbia kwa nguvu kama mtu anayetaka kupasua wavu, kisha akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli wakati kipa ameshajitupa pembeni. Kama angekosa, angekuwa mtu wa kulaumiwa na nchi nzima. Mtangazaji wa Kiingereza husema amefunga kwa "panache". Nilikuwa nikitafsiri "kwa madaha", lakini madaha hayana hatari ndani yake, ni ya mtu anayejua kwamba anapendeza. Kwa ushahidi wa dada yetu, sasa nitaandika "kwa mbwembwe za kishujaa", nikiwa na amani moyoni.

Kuhusu siwa, naomba niseme tu kwamba Kiingereza hutumia "fanfare" zaidi katika ukanushi. Wanasema jambo limefanyika bila "fanfare", nasi tunajua la kusema: limefanyika kimyakimya, bila kupigiwa mbiu. Mbiu na siwa zote ni pembe, na naona kila moja ina ngazi yake: mbiu ni ya tangazo la watu wote, na siwa ni ya hadhi.

Mchangiaji, mwalimu wa sekondari

Ndugu mleta mada, wanafunzi wangu huchanganya "flaunt" na "flout". Halafu kuna neno "tawdry" ambalo kamusi inaeleza "-enye mapambo mengi lakini duni", na kila mwaka wananiuliza limetoka wapi. Naomba msaada.

Mleta mada

Mwalimu, la kwanza ni fupi. "Flaunt" ni kutambia kitu mbele za watu, kama mali au uzuri, na "flout" ni kuivunja sheria waziwazi kwa dharau. Hata Waingereza wenyewe huyachanganya, kwa hiyo wanafunzi wako wasijione wajinga.

La pili linastahili kusimuliwa darasani. Katika karne ya 7 aliishi malkia mmoja wa Waingereza wa kale, Æthelthryth, ambaye aliuacha ufalme akaanzisha nyumba ya watawa huko Ely. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, na mwanahistoria Bede anasimulia kwamba aliupokea ugonjwa huo kwa shukrani, akisema kwamba ujanani alibeba shingoni mikufu ya ubatili, na sasa Mungu anamtakasa mahali palepale. Jina lake gumu likalainika vinywani mwa watu likawa Audrey. Kila Oktoba, katika sikukuu yake, soko lilifanyika Ely, na wafanyabiashara waliuza tepe za hariri za kuvaa shingoni kwa kumbukumbu yake. Wasichana wa vijijini walizipenda. Kadiri miaka ilivyokwenda tepe zikawa za rangi kali na za bei ya chini, watu wa mjini wakazidharau, na jina "Saint Audrey" likiharakishwa ulimini likaacha herufi ya "t" ya mwisho wa "Saint" ikigandana na "Audrey". Hivyo ndivyo lilivyozaliwa "tawdry". Mtawa aliyejutia mikufu ya shingoni ndiye aliyeacha jina lake kwenye pambo duni la shingoni.

Nikilisoma neno hili huwaonea huruma wale wasichana. Kilichoitwa duni kilikuwa pambo pekee walilomudu, na hukumu iliyomo ndani ya neno ilitolewa na watu waliokuwa na hariri nyumbani. Mtaniambia kwamba neno ni neno tu, lakini mimi siwezi kulitafsiri bila kujiuliza nani anamtazama nani. Kama anayesemwa ni tajiri aliyejaza sebule yake dhahabu ya bandia, nitaandika "mapambo ya kung'aa yasiyo na thamani". Kama anayesemwa ni mama wa sokoni aliyevaa shanga za plastiki, nitatafuta namna ya kuandika bila kumdhalilisha, isipokuwa kama mwandishi mwenyewe ameazimia kumdhalilisha, na hapo nitakuwa mwaminifu kwake.

Jambo hilo lilionekana vilevile upande wa matajiri. Mwaka 1899 Thorstein Veblen, mwanauchumi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, aliyapa jina matumizi ya pesa yanayofanywa ili yaonekane. Alitoa mfano wa kijiko cha fedha kilichofuliwa kwa mkono, ambacho hakichoti mchuzi vizuri kuliko cha kiwandani, lakini kinasema mengi juu ya mwenyewe. Jina alilolitoa, "conspicuous consumption", limeingia katika Kiingereza cha kila siku, na "matumizi ya kujionyesha" yanatosha kabisa kwa Kiswahili. Neno la zamani zaidi kwa tabia hiyo ni "ostentation", kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonyesha tena na tena, na Waingereza hulitumia hata kwa kundi la tausi. Kwa vijana lipo "bling", lililovuma mwaka 1999 kupitia wimbo wa rapa B.G. wa New Orleans, nalo ni sauti ya kubuni ya mng'ao wa dhahabu. Hilo halinisumbui, kwani Kiswahili kinajua kumetameta. "Swagger" limeshaingia kwetu kama "swaga", na wachache wanajua kwamba miongoni mwa matumizi yake ya kale kabisa yaliyoandikwa ni ya Shakespeare, katika miaka ya 1590.

Mchangiaji, Muscat

Nawasalimu kutoka Oman. Naomba kuongeza neno moja ambalo hamkulitaja, kwa kuwa limesafiri pande zote mbili: "tamasha". Asili yake ni Kiarabu, katika maana ya kutembea pamoja. Waajemi wakalifanya kuwa matembezi ya kutazama vitu vya kupendeza, Wahindi wakalifanya kuwa onyesho, na kupitia India likaingia katika Kiingereza, ambako kamusi kubwa zinalo hadi leo. Lakini Waingereza waliokaa India walilitumia pia kwa maana ya zogo na vurugu za bure, na hapo ndipo msomaji wa Kiswahili hupotea, kwa sababu sisi tumelibakisha katika heshima yake: tamasha la muziki, tamasha la utamaduni. Neno moja, lugha mbili, na hukumu mbili. Naona linathibitisha hoja yako, ndugu mleta mada, kwamba kitu ni kilekile na macho ndiyo yanayobadilika.

Mchangiaji, karani mstaafu

Nimesoma yote na nimefaidika. Nina swali kuhusu "ceremony". Niliwahi kusoma tafsiri ya barua iliyosema kwamba mfanyakazi fulani "aliondolewa kazini bila sherehe". Tulishangaa ofisini, maana hakuna anayetarajia sherehe siku ya kufukuzwa.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Umeligusa kosa ambalo nimelikuta mara nyingi. "Sherehe" kwetu ni furaha, chakula na watu, ilhali "ceremony" ya Waingereza ni utaratibu wa heshima, uwe wa furaha au wa huzuni. Mazishi yana "ceremony" yake. Mtu aliyeondolewa bila hiyo ameondolewa bila staha, ametimuliwa. Vivyo hivyo, Mwingereza akikuomba usisimame juu ya "ceremony" nyumbani kwake, anakwambia kile ambacho sisi husema kwa maneno machache: karibu, hapa ni kwako. Mara nyingi "hafla", "ibada", "taratibu" au "adabu" zitafaa kuliko sherehe, kwa kutegemea kilichokuwa kikifanyika.

Kwa wale walioniuliza faraghani kama lile zulia jekundu la kuwapokea waheshimiwa limetoka katika "red carpet" ya Kiingereza: ndiyo, ni tafsiri ya moja kwa moja, na limekaa vizuri. Katika tamthilia ya Mgiriki Aeschylus ya mwaka 458 kabla ya Kristo, mke wa mfalme Agamemnon anamtandikia mumewe vitambaa vya rangi ya zambarau iliyokoza kama damu, naye anasitasita kuvikanyaga akisema kwamba heshima hiyo ni ya miungu. Hollywood ilitandika la kwake mwaka 1922, katika jumba la sinema la Egyptian, na huko sijasikia aliyesitasita.

Nimerudi sasa kwenye sentensi iliyoniumbua. Siku ile mfalme alirudi kutoka kanisani ndani ya gari la dhahabu lililotengenezwa mwaka 1762, lenye uzito wa takriban tani nne, ambalo hukokotwa na farasi wanane na haliwezi kwenda haraka kuliko mtu anayetembea. Askari walipita kwa mwendo wa pole, bendi zikipiga. Vitu vyote vilikuwepo mbele ya macho yangu, nami nikaviacha nikakimbilia neno moja la kamusi. Leo ningeandika hivi: "Mfalme Charles amevikwa taji kwa fahari kuu na taratibu za kale, kisha akarejea kasri kwa msafara wa farasi, askari na bendi, uliopita polepole mbele ya umati." Imekuwa ndefu kuliko Kiingereza chake, na msomaji wa habari atahitaji kuvuta pumzi katikati. Jana nilimsomea mzee jirani yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza farasi walikuwa wa rangi gani.